Injini Haijafa

Abubakari alikuwa na desturi ya kuwatangazia watu vifo vya magari yao huku akijifuta mikono. Jumanne ile, kwenye uwanja wa gereji yake pale Muyinga, Burundi, aliishusha boneti ya kigari cheupe cha Vumilia, akaibana kwa kiganja, akatoa kitambaa mfukoni na kuanza na kidole gumba. Alipofika kidole cha tatu akasema:

"Bon. Iyi moteur imekufa."

Hakumwambia Vumilia, ingawa Vumilia ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake, ndiye dereva, na ndiye aliyelifikisha gari pale likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mahindi. Alimwambia Fredi, mume wa Vumilia, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa sababu ya mguu wake mbovu na ambaye hajapata kushika usukani maishani mwake.

"Imekufa vipi?" Vumilia aliuliza.

"Muzee," Abubakari aliendelea na Fredi, "mulikuwa munaweka carburant ya madumu, si ndiyo? Ile ya ku frontière, ya mpakani. Ile inakula moteur polepole. Mi naiona kila siku. Watu wametoka Tanzania wote wako na ugonjwa moja."

Wanaume watatu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri pikipiki zao walicheka. Fredi alitazama chini. Maneno "watu wametoka Tanzania" aliyafahamu vizuri. Tangu walipotoka kambi ya wakimbizi kule Tanzania na kurudi Butihinda aliyasikia sokoni, kwenye ofisi ya serikali ya komini, hata kanisani.

"Mimi sijaweka mafuta ya dumu hata siku moja," Vumilia alisema. "Napanga foleni kama wewe unavyopanga. Mwezi jana nimekaa siku mbili pale kituoni, mikate nikanunua hapo hapo. Na nakuuliza tena, imekufa vipi? Ukifungua ufunguo, ile taa ya injini siku zote huwaka kwanza, halafu injini ikishika, inazimika. Sasa kuna wakati haiwaki kabisa. Asubuhi gari likiwa la baridi inawaka, na gari linawaka. Likipata moto, injini inakufa, na taa nayo haiwaki tena. Injini iliyokufa inafufuka kila asubuhi?"

"Madame anasoma taa," Abubakari aliwaambia wa kwenye benchi, nao wakacheka tena. Kisha, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, alimgeukia Fredi. "Taa ni ampoule tu, muzee, globu ndogo. Imeungua. Sikia: moteur ingine ni pesa mingi, hamutaweza. Mais kuna mutu anaweza kuinunua vile iko, ya kutoa pièces. Milioni sita. Samedi asubuhi anakuja na pesa mukononi."

Fredi alisema watafikiri. Vumilia alizunguka gari lake, akafunga vioo vyote vinne, akafunga milango, akatia ufunguo kwenye sidiria.

"Acha ufunguo, madame," Abubakari alisema.

"Wa nini? Si umeshasema limekufa?"

*

Nyumbani Butihinda, Egidius alikuwa ameshapata habari kabla hawajafika. Alikuwa kaka mkubwa wa Fredi, mtu mrefu wa maneno machache, na nusu ya gari lile ilikuwa yake. Kwa ajili ya nusu hiyo aliuza ng'ombe wawili, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akiwataja. Ila kila alipopita karibu na zizi tupu alipita haraka.

"Milioni sita ni milioni sita," alisema, akiwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. "Jumamosi tunauza. Tunagawana tatu tatu."

"Shemeji, gari lile tulilinunua kwa ishirini na mbili."

"Lilikuwa linatembea."

"Na huyo mnunuzi unamjua ni nani?" Fredi alisema kutoka ndani. Alikuwa akiukanda mguu wake kwa maji ya moto. "Ni shemeji yake Abubakari. Nimemwona leo anazunguka matairi, anayapiga teke moja moja. Mtu anayenunua mzoga wa kuchuna vyuma hapigi teke matairi."

Egidius akasema kilichokuwa kikimkaa kooni tangu mwanzo.

"Mimi nilisema tangu siku ya kwanza tutafute dereva mwanaume. Watu wananiuliza njiani: ng'ombe zako umempa shemeji yako azichezee? Sasa nitawajibu nini?"

Vumilia alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Miaka miwili alibeba kwenye gari lile wajawazito wa Gasorwe kwenda hospitali, walimu, magunia ya muhogo, na maiti mmoja aliyelala nyuma na miguu imetokeza kwenye buti. Miaka miwili kila Jumapili alimpelekea Egidius sehemu yake mkononi, na Egidius alipokea bila kusema maneno ya dereva mwanaume.

"Wajibu kwamba Jumamosi haijafika," alisema. "Mnunuzi si anakuja Jumamosi? Basi leo Jumanne gari ni letu, kesho ni letu, keshokutwa ni letu. Kuna mama kule Gitega, anaitwa Zuena, anafungua kompyuta za magari. Madereva wa malori wanamtaja. Mimi nadhani kilichokufa ni kompyuta, si injini."

"Gari lina kompyuta?" Egidius aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeona anataniwa.

"Lina kisanduku kama Biblia, kiko nyuma ya kidroo cha mbele. Ndicho kinachoiambia injini lini imwage mafuta na lini iwashe moto. Kikizimia, injini inakaa tu, haina wa kuiamuru."

"Na pesa ya huyo mama?"

Kilichokuwa ndani ya nyumba ni magunia mawili ya maharage ya mbegu, na mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Vumilia aliendelea kuchambua. Asubuhi alipoamka alikuta magunia hayapo, baiskeli haipo, na Fredi hayupo. Alirudi saa nne akiikokota baiskeli tupu, mguu umevimba kama mgomba, akamwekea mkewe bahasha kwenye meza.

"Mbegu tutaomba kwa watu," alisema. "Nenda."

*

Siku hiyo hiyo Vumilia alikwenda kuitoa kompyuta. Abubakari alimruhusu kwa mzaha. "Chukua, madame. Chukua na usukani ukipenda." Vumilia alilala chali kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya dashibodi na miguu nje, akafungua skrubu mbili kwa bisibisi ya kuazima huku wa kwenye benchi wakimtolea maoni kuhusu miguu yake. Aliisikia kila sentensi. Alipotoka, vumbi usoni, kisanduku mkononi, alimrudishia mwenye bisibisi kitu chake na kumshukuru, akawapita wale wengine kama mtu anayepita visiki.

Alhamisi basi la kupitia Karuzi lilimfikisha Gitega saa sita. Mtaa wa Yoba hakuujua, lakini kila aliyemuuliza nyumba ya Zuena alimnyooshea kidole. Ilikuwa nyumba ya matofali yenye baraza pana, na kwenye baraza meza ndefu iliyojaa matumbo ya redio na kompyuta za magari zilizofunguliwa. Mama wa miaka hamsini hivi, ushungi wa kijani, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, alikuwa akichomelea kitu kidogo kuliko punje ya mtama.

"Shikamoo, mama. Namtafuta fundi."

"Umemupata. Ulitaka mwenye ndevu? Huyo alikuwa bwana yangu, Mungu amurehemu, iko kwenye makaburi mwaka wa saba. Kaa, mama."

Vumilia alikaa, akafungua kitenge na kuweka kisanduku mezani. Alitaka kueleza. Zuena aliinua mkono.

"Usiniambie fundi wa kwenu alisema nini. Niambie gari ilifanya nini. Ile uliona na macho yako."

Kwa hiyo Vumilia alimwambia: mara ya kwanza ilikuwa kwenye mlima, gari limejaa, lilikata ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo, bila kukohoa. Likipoa linawaka. Baadaye likaanza kukata hata kwenye tambarare. Na taa. Alipofika kwenye taa, Zuena alivua miwani ya machoni na kumtazama.

"Nani alikufundisha kuangalia ile taa?"

"Hakuna. Naliendesha kila siku."

"Mm," Zuena alisema, na kutoka hapo aliacha kumwita "mama" kama mteja, akamwita "mwanangu".

Aliifungua kompyuta, akaiunganisha na betri iliyokuwa chini ya meza kwa nyaya nyekundu na nyeusi, akagusisha ncha za mita yake. "Angalia. Iyi inakula volti kumi na mbili ya betri, halafu inapika volti tano safi ya kulisha sensa zote, vile vipimo vidogo vya moteur. Tano kamili. Unaona?" Kwenye mita palisimama tano. "Sasa iko baridi, iko na afya. Hidaya! Lete pasi!"

Binti yake alitoka ndani na pasi ya mkaa iliyokuwa ikinyoosha nguo za Ijumaa. Zuena aliishika juu ya ubao wa kompyuta, upana wa vidole vitatu, bila kuugusa, kama mtu anayemkausha mtoto. Walisubiri. Tano. Tano. Nne na nusu. Kisha namba zikaporomoka zote kwa pamoja, tatu, moja, sifuri.

"Iyo," Zuena alisema. "Moteur yako haijakufa. Iko inangojea amri, na bosi amelala."

Vumilia alifunika mdomo kwa kiganja. Siku tatu hakuwa amelia, na hakutaka kulia kwenye baraza la mtu. "Basi niuzie nyingine."

"Ngoja. Usikimbie." Zuena alirudisha pasi. "Nikikuuzia leo, unafurahi, unaenda kuifunga, kesho inaungua, unarudi hapa kunitukana. Iyi kitu haifi yenyewe. Kuna kitu kwenye gari kiliivuta hadi ikachoka. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya inagusa chuma. Mi siuzi kichwa kama sijapima mwili. Gari iko wapi?"

"Muyinga. Gereji. Na Jumamosi asubuhi wanaliuza."

"Wanauza gari yako?"

"Wananiuzia, mimi sijakubali."

Zuena alimtazama muda mrefu kidogo. Aliinuka, akapekua makasha ya kompyuta chini ya meza, akisoma namba kwa sauti na kuzitupa pembeni: "Hapana. Inafanana mais hapana. Namba zote zifanane, hadi herufi ya mwisho, ama ni kazi ya bure." La tano lilifanana. Lilitoka kwenye gari lililogongwa ubavuni, injini nzima. Kutoka kwenye kompyuta mbovu alichomoa kijidudu cheusi chenye miguu minane. Hicho, alisema, ndicho kinachokumbuka ufunguo. Bila hicho gari litamkataa mwenyewe kama mwizi. Alikichomelea kwenye kompyuta nyingine. Kazi ilichukua saa nzima.

Kisha alichukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akachora kichwa cha nyaya kinachobaki ndani ya gari, safu mbili za matundu, akatia alama kwenye tundu moja kwa rangi ya kucha ya Hidaya. Akamwekea Vumilia mita mkononi.

"Kabla ya kufunga, weka ncha moja hapa, ingine kwenye chuma ya gari. Mita ikikaa kimya, funga. Ikilia, usifunge. Unipigie. Iyi mita utanirudishia, si zawadi."

"Mama, mimi si fundi."

"Unajua kusoma taa. Wengi wako na gereji, hawajui."

*

Jumamosi saa mbili Abubakari alikuwa amevaa shati jeupe. Shemeji yake alikuwa amefika na bahasha nene, na Egidius ameketi kwenye benchi, kofia magotini. Karatasi ya mauzo ilikuwa tayari kwenye kaunta, jina la Egidius limeandikwa, la Vumilia halimo. Alipoingia na Fredi nyuma yake, hakuna aliyeinuka kumpisha.

"Umechelewa, shemeji," Egidius alisema kwa upole. "Tumeshakubaliana."

"Umekubaliana na nusu yako. Nusu yangu bado haijaulizwa." Alifungua mlango wa gari, akalala tena chali palepale alipolala Jumatano, kichwa chini ya dashibodi.

"Madame, iyi ni gereji, si shamba," Abubakari alisema. "Muzee, tafadhali, mwambie mke wako atoke."

Fredi alijikongoja hadi kwenye gari, akaegemea mlango uliofunguka kiasi kwamba mtu hawezi kuufunga bila kumsukuma.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Gari ni lake, na masikio anayo."

Vumilia aliweka ncha moja kwenye tundu la rangi ya kucha, nyingine kwenye bolti ya bodi. Mita ikalia. Ikaendelea kulia, sauti nyembamba ndefu. Kama asingepima, kompyuta iliyonunuliwa kwa mbegu za Fredi ingekuwa inaungua sasa hivi.

Alipiga simu, akaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa miwili tu.

"Inalia, mama."

"Vizuri," Zuena alisema kutoka Gitega, na sauti yake ikajaa uwanja mzima. "Sasa tumejua adui iko. Fungua boneti. Chomoa sensa moja moja, ile ya pedali ya hewa, ile ya kwenye bomba, zote zinakula ile tano. Mita iache inalia. Ikinyamaza, uliyoichomoa ndiyo mwizi."

Vumilia alimpa Fredi ashike ncha za mita ndani ya gari, yeye akaenda mbele. Alichomoa ya kwanza. Ililia. Ya pili, ililia. Ya tatu ilikuwa ngumu, kucha yake ikakatika, damu ikatoka. Alichomoa, na mita ikaendelea kulia. Mmoja wa wa kwenye benchi alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

"Zimeisha zote, mama. Bado."

"Basi ni waya yenyewe. Ifuate na mkono, mwanangu. Usitumie macho, tumia vidole. Mahali inapita karibu na chuma, hapo."

Aliufuata. Nyaya zilikuwa zimefungwa pamoja kwenye nailoni nyeusi, zikipita nyuma ya injini, zikishuka upande wa betri. Pale chini ya betri palikuwa na kishikio kipya cha chuma, kimekatwa kwa msumeno, ncha haikusuguliwa. Vidole vyake vilikuta nailoni imechanika, na ndani yake shaba, tupu, imelala juu ya ile ncha kali. Aliusogeza waya kwa kucha.

Mita ikanyamaza.

"Imenyamaza!" Fredi alipiga kelele kutoka ndani, kana kwamba wote hawakusikia ule ukimya.

"Waya umekatwa na kishikio cha betri," Vumilia alisema kwenye simu. "Mwanzo ulikuwa unagusa gari likipanda mlima, injini ikilala nyuma; sasa umelalia chuma kabisa."

"Na kishikio nani alifunga?" Zuena aliuliza.

Betri ile ilibadilishwa palepale, kwenye uwanja uleule, miezi miwili kabla, na Egidius ndiye aliyelipa. Aliitazama kofia yake magotini. Kisha akamtazama Abubakari, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamtazama kwa muda.

"Kishikio kilikuwa sawa," Abubakari alisema. "Ni barabara. Barabara ya huku iko mbaya."

Vumilia hakubishana. Aliomba tepu, hakuna aliyempa, akachana upindo wa kitenge chake na kuufunga waya kwanza kwa nguo, na mwenye pikipiki mmoja, yule aliyekuwa akicheka, akamtupia tepu yake nyeusi bila kumtazama. Akaufunga mbali na chuma, akarudisha sensa zote, akarudi chali chini ya dashibodi, akasukuma kichwa cha nyaya kwenye kompyuta hadi kilipobana. Akakaa kwenye kiti. Akatoa ufunguo.

Alipofungua ufunguo nusu ya kwanza, taa ya injini iliwaka, njano, tulivu. Vumilia aliitazama tu. Angeweza kuwasha papo hapo, lakini alitaka kila mtu apate nafasi ya kuiona. Egidius alisogea akainama dirishani. Kisha akawasha, na gari likashika mara ya kwanza.

Shemeji ya Abubakari alikuwa wa kwanza kusema. "Nane," alisema. "Milioni nane, sasa hivi."

"Na mi kuna pesa ya parking siku tano," Abubakari akadakia, "na ya diagnostic, ile ya kupima. Geti haifunguki bila iyo."

Vumilia aliweka mguu kwenye mafuta kidogo. "Nilikuwa nataka kukaa hata hivyo. Mama Zuena amesema liungurume mpaka lipate moto kabisa, ndipo tujue limepona." Akapandisha kioo, akakunja mikono.

Gari lilikuwa limeegeshwa katikati ya geti na shimo la kufanyia kazi. Hakuna gari lingine ambalo lingeweza kuingia wala kutoka. Wateja walifika, wakauliza kuna nini, wa kwenye benchi wakawasimulia, na kila aliyesimuliwa alikwenda kuchungulia kishikio cha betri. Mmoja aliyekuja kubadilisha betri aligeuza. Mshale wa mafuta ulikuwa umekaribia chini, na mafuta yale yalikuwa ya siku mbili za foleni; Fredi aliuona akaumia. Nusu saa ikapita. Abubakari aligonga kioo.

"Toka, madame. Nenda. Achana na parking."

Vumilia alishusha kioo kidole kimoja. "Bado halijapata moto."

"Na diagnostic, achana nayo."

"Diagnostic nimefanya mimi. Nataka uandike kwenye karatasi yako, na muhuri: waya ulikatwa na kishikio tulichofunga hapa."

"Siandiki."

"Basi tusubiri."

Alisubiri. Jua lilipanda, shati jeupe likaanza kulowa mgongoni. Lori la kampuni ya kahawa lilipiga honi nje ya geti mara tatu, likaondoka kwenda gereji ya jirani. Abubakari alilitazama likiondoka. Akaingia ofisini, akatoka na karatasi, akaipitisha kwenye upenyo wa kioo. Maandishi yalikuwa mabaya na muhuri umepindika, lakini yalisomeka.

Geti likafunguka.

*

Kwenye barabara ya Butihinda Fredi alikaa nyuma, mguu ameunyoosha kwenye kiti, amelala usingizi mdomo wazi. Egidius alikaa mbele. Alipoanza kusema walikuwa wameshaanza kupanda mlima.

"Nane si haba," alisema. "Sasa linatembea, anaweza kufika hata kumi na mbili. Wewe umefanya kazi kubwa, shemeji, sikatai. Lakini hivi vitu vina roho ya ajabu. Leo kimepona, kesho kitakufa kingine. Tungerudi tu, tumalize, ninunue ng'ombe wangu."

Katikati ya mlima, mahali pa mwinuko kabisa, injini ikiwa imepata moto hadi harufu yake ilijaa ndani, Vumilia alivuta breki ya mkono na kuzima gari.

"Unafanya nini?" Egidius alishtuka. "Usilizime hapa! Ndipo lilipofia!"

Vumilia alichomoa ufunguo, akaushika mkono wa shemeji yake, akamwekea kwenye kiganja, akakifunga kile kiganja kwa vidole vyake vyenye damu iliyokauka.

"Muyinga iko nyuma yetu," alisema. "Ukitaka kuliuza, ligeuze ulipeleke. Mimi siliendeshi kwenda kule."

Egidius alikuwa hajui hata kulitoa gari gia. Alikaa na ufunguo. Mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi alipita akipanda, akawasalimu, wakamwitikia wote wawili. Upepo ulisogeza mashina ya mtama pembeni. Fredi nyuma alikoroma, akageuka upande. Egidius aliufungua mkono, akautazama ufunguo kama anaupima uzito, akafikiri, Mungu ndiye anayejua, juu ya zizi, juu ya bahasha za kila Jumapili, juu ya jina lake peke yake kwenye karatasi ya kaunta.

"Na likikataa kuwaka?" aliuliza mwishowe. "Limepata moto sana."

"Likikataa nitashuka nilifungue tena."

Alimrudishia ufunguo. Vumilia aliutia, akaugeuza nusu, wakaitazama pamoja ile taa ndogo ya njano ikiwaka. Akaugeuza ukamilike, gari likanguruma, akaachia breki, wakapanda.